Jambo Lenyewe Liko Wapi? Tahakiki ya Ufundishaji wa Baruapepe ya Kiswahili Gitega na Muyinga

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna uandishi wa baruapepe unavyofundishwa kwa wanafunzi wa Kiswahili katika miji ya Gitega na Muyinga nchini Burundi. Hoja yake ni kwamba vitabu vyetu na sisi walimu tunaifundisha baruapepe kama sura ya ukurasa, yaani mahali pa kuweka anwani, tarehe na sahihi, badala ya kuifundisha kama mpangilio wa mambo kwa ajili ya msomaji aliye mbali na mwenye haraka. Makala yanapinga pia ushauri wa upande wa pili, unaowataka wanafunzi wafute salamu ili waeleweke. Barua za Kiswahili za zamani zilikuwa na kiungo kilichotenga salamu na jambo, na kiungo hicho kinaweza kufundishwa upya.

1. Utangulizi

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililozaa makala haya. Mwanafunzi mmoja wa Muyinga aliniandikia baruapepe akiomba barua ya mapendekezo kwa ajili ya nafasi ya masomo ya uzamili nje ya nchi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wa rika lake. Kichwa cha baruapepe hiyo kilikuwa neno moja tu: "Salamu". Niliifungua kwenye simu nikiwa safarini kutoka Bujumbura kwenda Gitega, nikasoma aya mbili za kwanza ambamo alinijulia hali, akawajulia hali watu wa nyumbani kwangu, akaikumbuka kozi ya isimujamii niliyomfundisha. Nikaridhika kwamba kijana ana adabu. Nikaifunga nikikusudia kumjibu kwa utulivu. Nilipoirudia baada ya siku tisa, niliona katika aya ya nne kwamba tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi ilikuwa imepita siku tatu nyuma. Hakunilaumu. Aliniandikia tena, kwa salamu zile zile, kwamba Mungu akipenda atajaribu mwaka unaofuata.

Kwamba nilikuwa mzembe halina ubishi. Hata hivyo, mwalimu wa lugha anapoisoma tena barua kama ile hawezi kuishia kwenye majuto. Kijana yule hakuandika vibaya. Aliandika hasa kama tulivyomfundisha. Kila kipengele ambacho kitabu kinakidai kilikuwepo na mahali pake. Kama tungeisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuipa alama, ingepata alama za juu. Ilishindwa katika jambo moja ambalo mizani yetu ya usahihishaji haina mahali pa kulipimia: haikumwambia msomaji, mapema na waziwazi, anatakiwa kufanya nini na lini.

2. Tunachokifundisha

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na katika muongo huo huo Kiswahili kiliingia katika shule za msingi sambamba na Kiingereza, juu ya Kirundi na Kifaransa vilivyokuwepo. Hivyo mwanafunzi anayefika chuoni Gitega leo amekutana na Kiswahili darasani tangu utotoni, lakini mara nyingi amekutana nacho kupitia vitabu vilivyoandikwa kwa kuiga mpangilio wa vitabu vya Tanzania na Kenya. Urithi huo una faida zake nyingi, ambazo sizihesabu hapa. Katika suala la barua una kasoro moja kubwa.

Vitabu vya shule vya Kiswahili hugawa barua katika mafungu mawili, barua ya kirafiki na barua rasmi, kisha huorodhesha sehemu za kila moja: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, mwanzo wa heshima, kichwa cha barua kilichopigiwa mstari, kiini, mwisho, sahihi, jina. Ilipozuka baruapepe, iliongezwa kama fungu la tatu. Vitabu vya Kenya viliiita pia barua meme na kuiweka pamoja na faksi. Tanzania neno baruapepe ndilo lililoshika. Wanafunzi wangu wa Gitega wanapozungumza wao kwa wao husema imeli, na sioni sababu ya kuwagombeza. Kilichobadilika ni visanduku tu. Badala ya anwani mbili kuna "Kwa" na "Kutoka", badala ya kichwa kilichopigiwa mstari kuna "Mada", na chini kuna "Nakala". Kiini kimeachwa kama kilivyokuwa, yaani hakikuelezwa. Mwanafunzi huambiwa kwamba kiini ndipo mwandishi "anapoeleza jambo lake", basi. Ni kama kumfundisha mtu kujenga nyumba kwa kumwonyesha mlango, dirisha na paa, halafu kumwambia kwamba katikati ndipo watu wanapoishi.

Naamini neno lenyewe, barua, limetuvuta upande mmoja. Ray Tomlinson alipotuma ujumbe wa kwanza kati ya kompyuta mbili katika mtandao mwaka 1971, na akachagua alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la mashine, mfumo uliokua baada yake ulichukua vichwa vyake kutoka kwenye dokezo la ofisini: kwa nani, kutoka kwa nani, kuhusu nini, nakala kwa nani. Hata neno nakala hapo ni kumbukumbu ya karatasi ya kaboni iliyokuwa ikipachikwa kati ya kurasa mbili za taipureta. Dokezo la ofisini halina salamu. Lina jambo na hatua ya kuchukua. Baruapepe basi ni mtoto wa wazazi wawili, barua na dokezo. Sisi tumemrithisha wa mzazi mmoja, na katika madarasa mengi niliyoyaona Gitega na Muyinga dokezo halitajwi kabisa.

Lipo somo moja la zamani ambalo lingeweza kutusaidia, nalo tumelicheka mpaka likafa. Shule za sekondari za Tanzania zilifundisha uandishi wa simu ya maandishi kwa miaka mingi, hata baada ya watu kuacha kuzituma. Ilionekana ni ukaidi wa mitaala. Lakini kwa kuwa simu ile ililipiwa kwa hesabu ya maneno, lilikuwa somo pekee katika mtaala wa uandishi lililomlazimisha mwanafunzi ajiulize: msomaji wangu hawezi kukosa neno gani? Swali hilo ndilo lenye thamani. Chombo kilichobeba swali kimekufa, na tukalizika swali pamoja nacho.

3. Urasimu wa aina tatu katika barua moja

Mwanafunzi wa Burundi haandiki barua rasmi akiwa na mfano mmoja kichwani. Ana mitatu, na yote inataka kusema kwa wakati mmoja.

Wa kwanza ni wa Kifaransa cha ofisi. Kila aliyesoma shule ya Burundi ameandika barua inayoanza kwa kusema kwamba mwandishi "ana heshima ya kujielekeza" mbele ya mamlaka kuu ya mwandikiwa ili kuomba jambo fulani. Kwa Kifaransa cha ofisi za nchi zetu hiyo ni fomula iliyochakaa, nayo hupita bila kusumbua mtu. Ikihamishwa neno kwa neno huzaa sentensi kama hii, ambayo nimeiunda kutokana na nyingi nilizozipokea:

"Bwana Daktari, nina heshima kubwa ya kujielekeza karibu na ukuu wenu ili niwaombe kwamba mnipe msaada kuhusu lile jambo."

Msomaji wa Dar es Salaam ataduwaa mara tatu hapa. Ataduwaa kwenye "kujielekeza karibu na ukuu". Atajiuliza ni "lile jambo" lipi. Na zaidi ataduwaa kwenye viambishi. Kirundi na Kifaransa vyote viwili humheshimu mtu mmoja kwa kumsemesha kama wengi. Mwanafunzi anayeandika "ninawaomba" anadhani ametoa heshima. Kiswahili sanifu hakiweki heshima hapo. Kinaiweka katika cheo, katika shikamoo, katika maneno kama tafadhali na naomba, kisha kinasema "nakuomba" bila kumvunjia mtu hadhi. Tena kiambishi -wa- kina utata wa ziada, kwa kuwa kinabeba ninyi na wao. "Niliwaandikia wiki iliyopita" inaweza kumaanisha kwamba mwanafunzi aliniandikia mimi, au aliwaandikia watu wengine wa ofisi ya usajili ambao hawatajwi. Nimewahi kusubiri wiki nzima nikidhani suala la mwanafunzi liko mikononi mwa ofisi nyingine, kumbe "wao" alikuwa mimi.

Mfano wa pili ni wa urasimu wa Tanzania, unaofika Muyinga kupitia vitabu, na pia kupitia watu waliosoma kambini au shuleni upande wa pili wa mpaka kabla ya kurejea. Alama yake ni "YAH:" ikifuatiwa na kichwa kwa herufi kubwa, halafu ile sentensi isiyokosekana: "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu." Kwenye karatasi sentensi hiyo ilikuwa na kazi, angalau ya kumwelekeza karani macho yake. Katika baruapepe haina. Mada haiko "hapo juu" ya sentensi. Iko katika kisanduku tofauti, na katika simu nyingi hupotea machoni pindi msomaji anaposogeza ukurasa. Ujumbe ukijibiwa mara nne, kichwa hubaki kile kile hata jambo likiwa limeshabadilika, na mwandikiwa anaambiwa ahusike na kitu ambacho hakihusiki tena. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoona kwamba kufundisha fomula ni kufundisha urasmi. Fomula isiyo na kazi inakula mstari wa kwanza, ambao ndio wenye thamani kuliko yote, kwa sababu ndio unaoonekana kabla ujumbe haujafunguliwa.

Mfano wa tatu ni wa barua ya kirafiki ya shule ya msingi, wenye ile sentensi ambayo sote tuliikariri: "Dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulia hali, mimi huku ni mzima, sijui wewe huko." Itazame kwa makini. Inatangaza dhumuni, kisha inatoa salamu. Mtoto anayeikariri akiwa na miaka kumi anajifunza kwamba neno dhumuni ni pambo la ufunguzi, wala si ahadi kwa msomaji. Anapofika chuoni na kuandika "dhumuni la baruapepe hii", nimeshazoea kutotarajia dhumuni lifuate.

Mifano hii mitatu ikikutana katika ujumbe mmoja, jambo lenyewe husukumwa chini na kila mmoja kwa zamu yake. Ombi la kijana wangu lilifika aya ya nne kwa njia hiyo. Aya ya kwanza ilikuwa ya Kifaransa, ya pili ya barua ya kirafiki, ya tatu ikaanza na "husika", na ya nne ikawa yake.

4. Salamu si adui

Mtu anayeiona hali hii hushawishika kutoa dawa nyepesi: waambiwe wafupishe. Miongozo mingi ya uandishi wa baruapepe inayosambazwa kwa Kiingereza inasema hivyo, na nimeona ikitafsiriwa na kubandikwa ukutani. Anza na ombi. Usizidishe mistari mitano. Ondoa salamu ndefu.

Nina mashaka makubwa na dawa hii. Kwanza, haifuatwi. Mwanafunzi wa Muyinga anayemwandikia mwalimu wake "Naomba barua ya mapendekezo" bila kumsalimu anahisi amempiga kikumbo mlangoni, na mwalimu naye, ukweli usemwe, anahisi hivyo hivyo. Kirundi chenyewe kinaanza mazungumzo kwa amahoro. Pili, dawa hii inachukulia kwamba salamu na uwazi vinagombania nafasi moja, na historia ya barua za Kiswahili inaonyesha vinginevyo.

Kiswahili kina utamaduni wa barua wa karne nyingi. Barua za Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18 zimehifadhiwa Goa. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha mkusanyiko wa maandiko ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, yakiwemo mawasiliano ya watu wa kawaida na ya biashara, na mwaka 1901 Carl Velten akatoa mwongozo wa kujifunza hati hiyo. Vitabu hivyo viwili vilikusudiwa Wajerumani waliohitaji kusoma barua za waja na za watawaliwa wao. Utawala wao uliendesha sehemu kubwa ya mawasiliano yake na wenyeji wa Afrika Mashariki kwa Kiswahili, na Gitega yenyewe waliianzisha mwaka 1912 kama makao ya utawala wao wa Urundi. Lengo la wakusanyaji halikuwa letu. Lakini walichokihifadhi ni chetu.

Anayesoma barua za mapokeo hayo ya pwani huona kwamba salamu zake ni nyingi, tena za fahari: jina la mwandikiwa na sifa zake, dua, sala, amani. Kisha linakuja neno moja, ama baada, au wabaadu, au kwa Kiswahili kitupu "baada ya salamu", na papo hapo jambo linaanza: nakuarifu kwamba mzigo umefika, nakuarifu kwamba fulani amefariki, nakutaka uniletee kadhaa. Neno hilo ni mlango. Msomaji mwenye haraka, au karani anayesomea bwana wake kwa sauti, alijua aweke kidole wapi. Salamu ilikuwa na mahali pake, ilikuwa na mwisho, na mwisho huo uliwekewa alama. Hiyo ndiyo adabu kamili: kumheshimu mtu kwa maneno mema na kuuheshimu pia muda wake.

Kwa hiyo tatizo la baruapepe ya mwanafunzi wangu halikuwa kwamba alinisalimu. Salamu yake haikuwa na mpaka. Ilitiririka ikaingia katika kumbukumbu za kozi, kumbukumbu zikaingia katika shukrani, shukrani zikaingia katika ombi, na hakuna mahali ambapo sentensi iligeuka na kumwambia msomaji: sasa. Ninachopendekeza ni kuufundisha mgeuko huo kama kipengele cha lazima, kwa mstari mpya na neno lake: "Ama baada", kwa anayelipenda, au "Baada ya salamu, naomba…". Wanafunzi wa Muyinga, mji wenye Waislamu wengi ambao wamewahi kusikia ama baada katika hotuba za msikitini, walilipokea mara moja. Wa Gitega walilicheka kidogo, kisha wakachagua "baada ya salamu". Sina upendeleo.

5. Ujumbe wa Kobero

Yapo maandishi mengine ya Kiswahili Muyinga ambayo hayafundishwi popote, na ni bora kuliko tunayoyafundisha. Kobero ni mpaka wa Burundi na Tanzania, mkabala na Kabanga, na malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita hapo. Mawakala wa forodha, madereva na wenye mizigo huandikiana mchana kutwa. Ujumbe wao huwa wa aina hii:

"Shikamoo mzee. Gari tatu imefika Kobero asubuhi. Mbili imepita. Moja imebaki, karatasi ya mzigo haiko. Tuma karatasi leo kabla ya saa nane, saa ya Burundi."

Mwalimu wa sarufi atatoa kalamu mara moja: gari tatu imefika, karatasi haiko. Mimi pia ningeisahihisha. Lakini naomba tuulize kingine. Nani kasalimiwa? Mzee, kwa neno moja, na ikatosha. Nini kimetokea? Tunajua. Nini hakijatokea, na kwa nini? Tunajua. Nani afanye nini, lini, kwa saa ya nani? Tunajua. Mwandishi huyu hakusoma somo la baruapepe. Alifundishwa na gharama: lori likilala mpakani usiku mmoja kuna mtu analipa. Ulinganisho huu unaudhi kwa sababu wanafunzi wetu wenye upatanisho wa kisarufi usio na dosari huandika ujumbe ambao hauwezi kuliondoa hata lori moja Kobero.

Sisemi kwamba sarufi haina maana. Nasema kwamba tumesahihisha kinachoonekana kwa urahisi. Katika daftari nilizozipitia, wino mwekundu ulikaa juu ya ngeli, tahajia na mahali pa tarehe. Sikumbuki hata mara moja nilipokuta pembeni maneno kama "ombi lako liko wapi?" au "nitajuaje wewe ni nani?". Swali la pili si dogo. Wanafunzi wengi hutuma kutoka anwani zenye majina ya utani, husaini kwa jina moja, na hawataji mwaka wala kozi. Mwalimu mwenye madarasa manne anabaki akikisia.

Ile "saa ya Burundi" katika ujumbe wa wakala inastahili somo zima peke yake. Burundi iko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Anayevuka kutoka Kobero kwenda Kabanga anaipoteza saa hiyo kwa mwendo wa dakika chache. Mwanafunzi wa Gitega anayetuma maombi saa tano na nusu usiku, akiamini ana nusu saa kabla ya saa sita, ameshachelewa Dar es Salaam, ambako ni saa sita na nusu. Na "saa sita usiku ya tarehe 15" yenyewe ni usiku upi, ule unaoiingiza tarehe 15 au ule unaoitoa? Juu ya hayo, Kifaransa cha ofisi kimemzoesha kuhesabu saa hadi 24 huku Kiswahili na Kirundi vikianza kuhesabu mchana asubuhi. Sikukiona kitabu chochote cha uandishi kinachomwambia mwanafunzi wa Burundi aandike saa pamoja na mji wake. Wakala wa forodha anajua.

6. Karatasi iliyokunjwa

Pingamizi linalotolewa haraka ni vifaa. Tutafundishaje baruapepe pasipo kompyuta, ambapo mwanafunzi huandika kwanza katika daftari, kisha hutafuta simu ya mwenzake yenye kifurushi? Wapo wanaoandika barua kamili kwa mkono, wakaipiga picha na kuituma kama kiambatisho, kiini cha ujumbe kikiwa kitupu. Sioni hili kama kikwazo kikubwa kwa somo ninalolitetea, kwa kuwa mpangilio wa mambo hauhitaji umeme.

Zoezi nililolitumia katika miji yote miwili ni hili. Kila mwanafunzi anaandika baruapepe yake kwenye karatasi: mstari wa juu ni mada, kinachofuata ni kiini. Kisha anaikunja karatasi hadi vibaki vinaonekana vitu viwili tu, mada na mstari wa kwanza wa kiini, maana ndivyo msomaji anavyoviona katika orodha ya barua zake. Karatasi zinakusanywa, zinachanganywa na kugawiwa upya. Kila mpokeaji, bila kuikunjua, anaandika mgongoni mwa karatasi anadhani anaombwa nini na lini. Halafu zinarudishwa kwa wenyewe.

Ukimya unaofuata hufundisha kuliko maneno yangu. Aliyeandika mada "Ombi" anakuta mgongoni: "Sijui. Pesa?" Aliyeandika "Salamu" anakuta: "Ananisalimu." Aliyeacha mada tupu anakuta alama ya kuuliza. Mwanafunzi mmoja wa Gitega aliyeandika "Ombi la kurekebishiwa alama ya Fonolojia, mwaka wa pili" alikuta jibu sahihi kabisa, na darasa likamgeukia kama mtu aliyefanya mazingaombwe. Hakuna aliyeambiwa afute salamu. Waliporudia kuandika, wengi walizipunguza wenyewe hadi mstari mmoja na kuzihamishia nyingine mwishoni, mahali ambapo dua ya heri hukaa vizuri na haimzuii mtu njiani.

Zoezi hili lina upungufu, na mwalimu mmoja wa Muyinga aliueleza vizuri kuliko ningeweza mimi. Alisema kwamba mada inayotaja ombi ni kama mgeni anayeanza kuomba kabla hajakaa. Kwetu, alisema, mtu anaingia, anakaribishwa, anapewa kiti, anaulizwa habari za nyumbani. Akieleza shida yake akiwa bado amesimama, mwenyeji anajua ama kuna msiba ama huyu hakulelewa. Nilimjibu kwamba mada si mgeni, ni yule mtoto anayetangulia kumwambia baba kwamba fulani amekuja kwa ajili ya shamba, ili baba atoke akiwa tayari. Alitabasamu, akasema mfano ni mzuri ila mtoto huyo kwa kawaida ni wa mwenyeji, si wa mgeni.

Bado sijapata jibu la pingamizi lake. Aliendelea kutumia zoezi la karatasi, lakini kwa marekebisho yake: katika darasa lake mada hutaja jambo na tarehe bila neno "ombi" wala "naomba". "Barua ya mapendekezo, tarehe 15 Machi." Ombi lenyewe husubiri ndani, baada ya salamu, baada ya mgeuko. Nilipokea baruapepe ya namna hiyo kutoka kwa mmoja wa wanafunzi wake mwezi uliofuata, nikiwa tena barabarani. Niliisoma mada nikiwa bado ndani ya gari, nikamwomba dereva asimame Bugarama mahali penye mtandao.